Nyumba ya Watu Wanaotembea

Nilipohamia kwa Fundi, chumba changu kilimeza kitanda, kabati, meza ya kioo na viti viwili vya wateja, na bado palibaki mahali pa kutandika mkeka. Siku hizi nikitaka kuvaa sketi lazima nifungue mlango. Sijanenepa, wala samani hazijazaa. Nyumba ndiyo iliyopungua. Watu wa mtaani wanaisimulia habari hii huku wanacheka, na mimi nikiwa na kichwa cha mtu mapajani, vidole vimo kwenye nywele, nawasikia na damu inanichemka. Wacha basi niisimulie mimi niliyelala ndani yake.

Fundi ni mwashi. Ni mrefu, mwembamba, maneno machache, mluzi mwingi. Alianza kwa kuchota maji ya mafundi wengine, akapanda kukoroga saruji, mwisho akashika mwiko, na tangu hapo hajauweka chini. Nusu ya kuta za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Ukitembea naye utamwona anapapasa ukuta wa mtu anapopita, kama anayesalimia, kisha anaendelea na safari. Nyumba yake mwenyewe aliijenga kidogo kidogo kwa mabaki ya nguvu zake, akitoka kujenga za wenzake. Kiwanja alikinunua kihalali, hati anayo, kodi ya ardhi hajawahi kuikosa. Mke wake, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa mwili na wa sauti, mwenye kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. Ndiye aliyenipokea nilipoachika, nina sanduku moja na macho yamevimba. Aliniambia, "Kibaraza hicho hapo, suka nywele, usinilipe mpaka upate." Kwa hiyo msiniulize kwa nini sikuhama.

Asubuhi moja walikuja askari wa manispaa na kopo la rangi nyekundu. Wakachora alama ya X kwenye ukuta wa mbele, kubwa kuliko mlango, na chini yake wakaandika SIMAMISHA. Wakachora hivyo hivyo kwenye nyumba zote za upande wetu. Mkubwa wao akasoma tangazo: barabara huenda ikapanuliwa, na mpaka uamuzi utakapotoka, nyumba hizi zisiongezwe, zisibomolewe, zisikarabatiwe wala kuuzwa. Atakayezigusa atakuwa amepoteza haki yake ya kulipwa fidia.

"Na uamuzi utatoka lini?" Mama aliuliza.

"Mtatangaziwa."

Hadi leo tunasubiri kutangaziwa. Kuna majirani waliokufa wakisubiri, Mungu awarehemu, na X zao zimepauka ukutani hazina wa kumhusu.

Askari aliyepewa mtaa wetu kuulinda tulimbatiza Bwana Simama, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukigonga msumari, kabla hujagonga wa pili yuko mlangoni: "Simama!" Na huyu, jamani, ndiye aliyekuwa kibarua wa Fundi ujanani, akimkorogea saruji. Ndiyo maana masikio yake yalikuwa mabaya. Wengine husikia kelele tu. Yeye alisikia kazi. Akiwa mwisho wa barabara anaweza kukwambia kama ni nyundo ya kupaulia au ya kuvunjia tofali. Kila aliyefundishwa na Fundi alijua kusikia hivyo, na manispaa ilimwajiri yeye.

Mambo yalianza kuharibika malori yalipozoea kupita hapa. Ukuta wa mbele wa chumba cha Fundi na Mama ulipata ufa, ufa ukashuka kutoka darini mpaka juu ya mto wa Mama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Manispaa ilikataza yote mawili. Fundi, ambaye angeweza kuuziba ule ufa kabla chai haijapoa, alilala chini yake akiutazama kila siku unavyopanuka. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini sijapata kusikia kinyozi aliyefungwa mikono akaonyeshwa kioo.

Fundi akaenda ofisi za manispaa. Nilimsindikiza mimi, kwa sababu Fundi akikasirika hunyamaza, na ofisini mtu akinyamaza wanafunga faili. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Fundi akapapasa ukuta tulioegemea, akasema, "Huu niliupiga lipu mimi." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayekutana na mtoto wa dada yake akiwa kazini, asijue kama amsalimie.

Afisa wa ardhi alikuwa kijana mstaarabu, wa miwani na "karibuni mzee wangu". Ningependa angekuwa mkorofi, ningepata pa kumshika.

"Nyumba ni yako, mzee," alisema. "Hakuna aliyesema si yako. Haki yako inalindwa kisheria."

"Kama ni yangu, naweza kuziba ufa?"

"Hapana. Hayo ni maendelezo."

"Niuze?"

"Haiwezekani. Iko chini ya amri."

"Nibomoe mwenyewe niondoke zangu?"

"Ukibomoa umevunja amri, fidia huna."

"Basi nihame, niiache hivyo hivyo."

Afisa akavua miwani akaipangusa. "Ukihama, mzee, tutahesabu umeitelekeza."

Mimi nikauliza kwa sauti ambayo hata watu wa kwenye benchi waliisikia, "Sasa afanye nini? Aning'inie?"

"Avute subira, dada yangu," akasema yule kijana, na uso wake ulionyesha kwamba anatuhurumia kweli. Huruma ile haikuzuia hata tone la mvua.

Tukiwa njiani kurudi, Fundi alianza kupiga mluzi. Nikajua ana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bwana Simama alikagua nje. Ndani ya nyumba ya mtu haingii bila kibali cha mahakama, na kibali cha kutazama ufa hakuna hakimu wa kukitoa. "Nje ni kwao," Fundi alimwambia Mama jioni ile, "ndani ni kwetu." Basi akaamua kujenga ukuta mpya ndani ya ule wa zamani, uukumbatie na kuushikilia, na kwa nje pasionekane hata alama ya kidole. Mchanga tuliingiza kwa ndoo tukaufunika nguo za kufua. Saruji iliingia kwenye kikapu chini ya mboga. Tofali niliingiza mimi kwenye begi langu la nywele za bandia, na mabega yangu yanakumbuka.

Tatizo lilikuwa sauti. Tofali hukatwa kwa kugongwa. Lakini ng'ambo ya barabara kuna fundi mageti, na akiwasha mashine zake kuchomelea na kuponda vyuma, hata Bwana Simama anakuwa kiziwi. Fundi akajifunza kufanya kazi ndani ya kelele za mwenzake. Geti likipondwa, naye anaponda. Umeme ukikatika, mtaa unatulia, na Fundi anakaa kwenye ndoo na mwiko mkononi, anasubiri mitambo ya watu impe ruhusa ya kujenga kwake.

Ukuta ukasimama, mzuri, umenyooka kwa timazi. Mama akausifu. Kisha ukuta wa korido ukapata ufa, naye akaujengea mwenzake. Kisha wa chumba changu. Kisha ule wa nyuma. Kila ufa ulitupa ukuta, na kila ukuta ulitunyang'anya upana wa tofali. Madirisha yalizibwa nusu, tukawa tunawasha taa mchana. Korido ndiyo iliyopata taabu kuliko vyumba, kwa sababu ilikuwa na nyufa pande zote mbili na kona katikati. Fundi aliipima kwa mabega yake. Alisimama katikati, akatanua viwiko kidogo, akasema, "Panatosha."

"Panakutosha wewe, mti wa bendera," Mama alimjibu. Yeye alipita kiubavu, ameshikilia tumbo, anacheka. "Sema ukweli, Fundi. Unaipunguza nyumba au unanipunguza mimi?"

Alicheka, lakini mimi nilimsikia akihema alipofika mwisho wa korido, na nilimwona akianza kukaa muda mrefu zaidi chumbani kuepuka ile safari. Niliichukia nyumba ile. Nasema wazi. Nilikuwa nikiamka usingizini nimenyoosha mkono, nagusa ukuta, nageuka, nagusa mwingine. Fundi mwenyewe aliacha kupiga mluzi akiwa ndani. Kuanguka, nyumba isingeanguka tena, alikuwa amehakikisha. Kilichokuwa kinatuua kilikuwa uimara wake.

Siku Mama alipoanguka, umeme ulikuwa umekatika. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa kibarazani namsuka mteja na mtaa ulikuwa kimya kabisa. Nikasikia kishindo ndani, kisha sauti ya Mama ambayo sikuwahi kuisikia, isiyo na kicheko. Aliteleza akishuka kitandani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia nje, na kila tulipomgusa alipiga ukelele.

Nesi wa zahanati ya jirani alikuja mbio. Akatazama, akasema ni nyonga. "Asikalishwe. Asikunjwe. Alazwe juu ya ubao, atolewe akiwa amenyooka, apelekwe hospitali sasa hivi. Mkimkunja, mfupa utakata mishipa."

Tukang'oa mlango wa chumba changu tukamlaza juu yake. Fundi mageti alikuja kusaidia, na wanaume wengine wawili. Wakambeba mpaka mlangoni mwa chumba, wakaingia koridoni kwa shida, wanakwaruza mikono kwenye lipu. Wakafika kwenye kona. Ubao haukugeuka. Wakauinua upande mmoja, Mama akapiga kelele, wakaushusha. Wakarudi nyuma, wakajaribu kuanzia miguu. Haukugeuka. Wakaulaza ubavu kidogo, nesi akawafokea, "Mnamuua!" Wakamrudisha chumbani wakamweka chini. Dirisha lilikuwa nusu tofali, nusu nondo.

Fundi alikuwa amesimama kwenye ile kona, mabega yake yanagusa kuta zote mbili. Aliitazama kazi yake kwa muda. Kisha akasema polepole, wala si kwa yeyote kati yetu, "Nimejenga nyumba ya watu wanaotembea."

Akapita kati yetu, akachukua nyundo kubwa, akatoka nje kupitia mlango wa mbele, akasimama mbele ya ukuta wa chumba chake, pale penye X. Mimi nilimfuata. Nilijua anachotaka kufanya na nilijua kitamgharimu nini. Fidia ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimewafanya wazee wawili wavumilie kuishi ndani ya sanduku. Bila hiyo, siku barabara ikija wangetoka mikono mitupu.

"Baba," nilimwambia, "tutafute njia nyingine."

"Ipi, mwanangu?"

Akaniambia niende ndani nimkinge Mama kwa godoro, na kwamba maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapiga.

Katika ule ukimya, nyundo ilisikika mtaa mzima. Ukuta wa nje ulikuwa mchovu, ukameguka upesi, rangi nyekundu ikawa vipande vipande miguuni mwake. Lakini nyuma yake kulikuwa na ule wa ndani. Fundi hakuujenga kwa mzaha; aliufunga na ule wa zamani kwa vyuma, akaukaza kila mstari. Kazi nzuri ina tabia mbaya ya kukataa kuvunjika. Nikiwa ndani, nimeegemeza godoro, nilisikia anapiga na kupumzika, anapiga na kupumzika, na Mama ananishika kifundo cha mkono ananiuliza, "Anavunja wapi?"

"Mbele, Mama. Kwenye X."

Akafumba macho. "Mpumbavu wangu," alisema, na machozi yakamtoka.

Na Bwana Simama, bila shaka, alifika. Tulisikia viatu vyake kabla ya sauti. "Simama! Fundi! Mzee wangu, simama, umechanganyikiwa? Ukiendelea umepoteza kila kitu!"

"Najua," Fundi alisema, na nyundo ikashuka tena.

Mwanga ukaingia. Kwanza tundu la ngumi, kisha la kichwa, vumbi likapepea, na upepo ukatupiga usoni. Kupitia tundu lile nilimwona Bwana Simama, kofia mkononi, kinywa wazi, anamwona Mama sakafuni juu ya mlango wangu.

"Nani huyo anayepiga kelele?" Mama aliuliza.

"Ni Bwana Simama," nikasema.

"Mwambie akamate upande wa miguu. Mimi ni mzito."

Akakamata. Sitamnyima haki yake: alivua koti la kazi, akaondoa tofali za mwisho kwa mikono, akaingia kupitia lile tundu bila kibali cha mahakama yoyote, akashika ubao pamoja na wenzake. Mama akatoka amelala, amenyooka, kichwa mbele, mpaka barabarani, mpaka kwenye pikapu ya fundi mageti.

Jioni ileile, Bwana Simama alirudi. Fundi alikuwa hospitali, nikampokea mimi kibarazani, na sikumpa kiti.

"Nimeripoti," alisema, anatazama viatu vyake. "Mtaa mzima umesikia. Nikisema sikusikia, kazi sina. Nina watoto, dada."

"Na Fundi ana nini?"

Wiki ile mke wa Bwana Simama alikuja kusuka nywele, nami nikazibana mpaka nyusi zake zikapanda. Najua hakuwa na kosa. Lakini vidole vyangu havikutaka kusikia.

Manispaa haikuchelewa, kumbe ikitaka inaweza. Fidia ilifutwa. Amri ilibaki palepale. Nyumba, walisisitiza, bado ni ya Fundi, na haki yake inalindwa. Mimi na wateja wangu tukafunika lile shimo kwa turubai, na wapita njia wakawa wanachungulia chumba cha wazee kama duka.

Mama alipasuliwa, akapona kiasi cha kurudi kwenye kiti cha magurudumu. Walipomleta, mlango mkubwa haukuwa na faida kwake, kwani kiti kisingepita kwenye korido. Fundi akainua turubai, akamsukuma ndani kupitia ukuta. Mama akatazama chumba chake chenye mwanga, akavuta pumzi ndefu.

"Hapa pangekuwa na mlango siku zote," alisema, "tungezeeka vizuri."

Kesho yake, asubuhi na mapema, umeme ukiwa umekatika na mtaa uko kimya, Fundi alitoa nyundo, patasi na mbao za fremu, akavitandaza barabarani mbele ya kila mtu. Akaanza kunyoosha kingo za shimo. Tena alikuwa anapiga mluzi.

Bwana Simama alikuja, safari hii anatembea taratibu, na karatasi mkononi. Ilikuwa inamtaka Fundi arudishe ukuta kama ulivyokuwa.

"Na ile amri ya kutojenga?" Fundi aliuliza.

"Nayo ipo."

"Kwa hiyo niurudishe kwa kujenga au kwa kuomba dua?"

"Mzee wangu, mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa. Subiri kwanza, nipo kwenye vipimo." Akamwambia Mama apite. Mama akazungusha magurudumu, akatoka. "Rudi." Akarudi. Fundi akaweka alama za mkaa kila upande wa kiti, akaitikia kwa kichwa kwamba panatosha.

Mama hakuingia. Alikaa palepale kizingitini, nusu ndani nusu nje, anaangalia zile alama. "Kwa kiti napita," alisema. "Na ile siku nyingine, Fundi?"

"Siku gani?"

"Nitakayotoka nimelala tena. Safari hiyo sitawapigia kelele."

Mluzi ukakatika. Fundi alimtazama mke wake, na mimi nikageuza uso, kwa sababu mtu mzima akilia hapaswi kutazamwa. Kisha akafuta zile alama za mkaa kwa kiganja. Akamwita fundi mageti kutoka ng'ambo, akamweka upande mmoja wa shimo. Kisha akamgeukia Bwana Simama.

"Wewe njoo upande huu. Simama hapo."

Bwana Simama akaikunja karatasi, akaibana kwapani, akasimama. Kiti cha Mama kilikuwa katikati yao. Fundi akachora mstari kwenye ukuta, nje ya bega la huyu, na mwingine nje ya bega la yule. Akaongeza upana wa kidole kila upande, kwa ajili ya wabebaji watakaokuwa wanatetemeka. Halafu akajifuta mikono kwenye suruali, akapokea ile karatasi ya manispaa.